Flopu 1,755 na kichwa kimoja: data ya jumla ya solva inasomwaje?

Msomaji wa Nairobi ameuliza: "Mwalimu, nacheza poka ya Texas Hold'em mtandaoni, meza za watu sita, senti 10 kwa 25 za dola. Nimelipia solva, nimekariri flopu moja baada ya nyingine, lakini nikikaa mezani inakuja flopu ambayo sikuisoma, narudi kubahatisha. Wenzangu wanasema niachane na flopu mojamoja nisome ripoti za jumla. Nilifungua moja, nikakuta mamia ya mistari ya asilimia, nikaifunga. Zinasomwaje hadi mtu apate mkakati mpana wa kuchezea?"

Ndugu yangu, wenzako wamekushauri vizuri, na wewe kuifunga ile ripoti hukukosea sana. Kwa asiyeyajua maneno haya: flopu ni karata tatu za kwanza zinazowekwa mezani, solva ni programu inayokokotoa mkakati bora, na ripoti ya jumla inakusanya majibu ya solva kwa flopu nyingi pamoja. Ripoti hiyo haikuwekwa ili ikaririwe. Kazi yake ni kukuonyesha kinachoifanya solva ibadilishe mwendo kutoka flopu moja hadi nyingine. Ukishakijua, asilimia nyingi utazikisia mwenyewe bila kuzitazama. Anayezisoma kama orodha ya majibu atabaki palepale ulipo wewe, ila atakuwa amechoka zaidi.

Tuanze na hesabu, kwa sababu kosa la kwanza la watu wengi limejificha humo.

Karata 52 zinatoa flopu 22,100. Lakini kabla ya flopu kopa haina cheo kuliko shupaza, kwa hiyo flopu nyingi ni ileile iliyobadili nguo. Ukiziunganisha zilizo sawa zinabaki 1,755, na hiyo ndiyo namba unayoiona kwenye programu. Sasa chukua K-7-2, yaani mfalme, saba na mbili. Namba hizo tatu zinaweza kushuka mezani kwa njia 64. Njia 24 zina aina tatu tofauti, mfano kopa, uru na pau. Njia 36 zina karata mbili za aina moja na ya tatu ya aina nyingine. Njia 4 tu ni za aina moja tupu. Solva huzifupisha njia hizo 64 kuwa mistari mitano: mmoja wa aina tatu, mitatu ya aina mbili (kutegemea karata zipi mbili zimefanana), na mmoja wa aina moja. Mstari wa kwanza unabeba uzito wa 24, ile mitatu 12 kila mmoja, na wa mwisho 4.

Mtu akipakua faili akaitia kwenye Excel na kupiga wastani wa safu nzima bila kuangalia uzito, flopu ya aina moja inapewa sauti sawa na flopu inayotokea mara sita zaidi yake. Katika mistari 1,755, flopu za aina moja ni 286, yaani asilimia 16 ya faili; mezani zinatokea asilimia 5.2 tu. Flopu za aina tatu ni mistari 455, asilimia 26 ya faili, wakati mezani zinakaribia asilimia 40. Wastani uliopatikana hivyo ni wa mchezo ambao haupo. Programu nyingi huweka uzito zenyewe zikikuonyesha jumla kwenye skrini, lakini ukihamisha data kuichambua mwenyewe, tafuta safu ya uzito kwanza. Na kama kompyuta yako ni ya kawaida huhitaji zote 1,755: zipo sampuli, ya flopu 184 ikiwa mojawapo, zilizochaguliwa na kupewa uzito ili wastani wake ukaribiane na wa flopu zote. Kwa kazi yako inatosha.

Hesabu hiyohiyo inakuambia muda wako uende wapi. Flopu zenye ree au mfalme ni asilimia 40 ya zote. Zenye jozi mezani ni asilimia 17. Zile ndogo kabisa, ambazo karata kubwa zaidi ni nane, hazifiki asilimia 15. Nawajua wachezaji wanaotumia jioni nzima kubishana kuhusu 7-6-5 huku wakicheza A-9-4 (A ni ree) kwa mazoea.

Tuchukue hali moja tukae nayo. Blaindi ni dau la lazima la kabla ya flopu; kubwa ni senti 25 kwenye meza yako, ndiyo kipimo chetu cha pesa, na anayeliweka huitwa jina hilohilo. Batani, anayeongea mwisho baada ya flopu, amepandisha hadi blaindi kubwa 2.5, blaindi ndogo amekunja, blaindi kubwa amefuata, na wote walianza na blaindi kubwa 100. Poti, yaani pesa zilizo katikati, ina 5.5 na kila mmoja amebakiwa na 97.5. Blaindi kubwa anacheki (anapitisha bila kubeti) karibu mikono yake yote, na zamu ni ya batani. Fungua ripoti ya hapo, panga mistari kwa asilimia ya kubeti kutoka juu kwenda chini, halafu soma ncha mbili tu. Katikati paache.

Juu utakuta flopu kama K-7-2 ya aina tatu, na zenye jozi kubwa kama K-K-5. Batani anabeti kidogo, theluthi ya poti, kwa karibu kila mkono alionao. Chini utakuta 7-6-5, 8-7-6 na jamaa zake, na humo anacheki sana. Hapo ndipo pa kukaa, ujiulize kwa nini, na jibu ulitafute kwenye renji za wachezaji, yaani mikono yote ambayo kila mmoja anaweza kuwa nayo, maana hapo ndipo linapotoka.

Hesabu michanganyiko. Kwenye K-7-2 batani ana ree mbili (michanganyiko 6), wafalme wawili (3, kwa kuwa mfalme mmoja yuko mezani) na ree na mfalme (12). Blaindi kubwa angekuwa na karata hizo angepandisha tena kabla ya flopu, mara nyingi. Kwa kuwa alifuata tu, hana nyingi. Saba mbili (7-7) na mbili mbili (2-2) wote wanaweza kuwa nazo. Kwa hiyo kileleni, kwenye mikono yenye nguvu kuliko yote, batani yuko mbele, na hata chini yuko mbele, kwa sababu takataka zake zina karata kubwa kuliko takataka za mwenzake. Akibeti theluthi anahitaji mpinzani akunje robo ya mikono yake tu ili blafu tupu (kubeti bila mkono) isile hasara. Kwenye flopu hii blaindi kubwa anakunja zaidi ya robo hata akicheza kama solva. Basi kubeti ni bei rahisi.

Nenda 7-6-5. Batani bado ana jozi kubwa kuliko meza, kuanzia nane mbili hadi ree mbili, michanganyiko 42, na hizo kubwa mwenzake hana. Lakini mfululizo (karata tano zinazofuatana) wa 9-8 na 4-3, na jozi mbili za 7-6 na 6-5, zimejaa zaidi kwa blaindi kubwa, kwa kuwa yeye alishaweka chipu mezani na alifuata kwa karata ambazo batani hawezi kupandisha nazo zote. Mgawanyo wa ushindi unakaribia nusu kwa nusu, na kilele kimehama. Batani akibeti kila kitu hapo, anapandishiwa na mikono yake mingi inakosa pa kushika.

Kutokana na ncha hizo mbili unapata mambo mawili yanayoeleza sehemu kubwa ya ripoti. La kwanza ni nani anaongoza kwa renji nzima, na hilo ndilo linaloamua utabeti mara ngapi. La pili ni nani ana mikono mingi ya kilele, na hilo linaamua utabeti kiasi gani. Ukiwa mbele kwa renji nzima lakini kilele mnagawana, beti ndogo na mara nyingi. Ukiwa na kilele ambacho mwenzako hana kabisa, beti kubwa inaingia, hata inayozidi poti. Flopu za aina moja zinaonyesha upande wa pili: yeyote anaweza kuwa na flashi (karata tano za aina moja), mkono mzuri wa jozi hautaki poti ikue, hivyo beti ikiwepo inakuwa ndogo.

Sasa uzingatie jambo ambalo ripoti haikuambii yenyewe. Solva hujibu swali uliloiuliza tu. Kama aliyeitengeneza aliipa batani ukubwa mmoja wa beti, theluthi ya poti, basi flopu za ree kavu zitaonyesha theluthi kwa wingi. Ukiipa pia robo tatu ya poti na poti moja na robo, sehemu ya beti hizo inahamia kwenye ukubwa mpya, kwa sababu batani ana ree kali ambazo mwenzake hana. Ripoti mbili za hali ileile zinaweza kutofautiana hivyo bila hata moja kuwa na kosa. Kabla ya kubishana na mtu kuhusu asilimia, muulize alikuwa na beti za ukubwa gani, na makato ya nyumba, yaani sehemu ya poti inayochukuliwa na tovuti, yalikuwa kiasi gani.

Nikija kwenye asilimia zenyewe: ndizo zinazovutia macho, nami ningekushauri uzitazame mwisho. Tuseme ripoti inasema batani anabeti asilimia 50 kwenye flopu fulani. Hiyo inaweza kuwa na maana mbili zisizohusiana. Huenda nusu ya mikono inabeti siku zote na nusu inacheki siku zote, na ukiibadilisha unapoteza pesa. Au huenda kila mkono uko njia panda, kubeti na kucheki ni sawa, solva imetua pale kwa sababu lazima itue mahali. Safu ya asilimia haikutenganishii hayo mawili. Inayotenganisha ni safu ya thamani tarajiwa, yaani wastani wa kile ambacho kila kitendo kinakuingizia.

Angalia kwa karibu. Umefungua mkono mmoja: kubeti kunakupa blaindi kubwa 3.41, kucheki kunakupa 3.40. Solva inabeti mkono huo asilimia 70. Tofauti ya 0.01 kwenye meza yako ni robo ya senti. Tena solva nyingi za ripoti husimamishwa zikiwa bado na kosa la sehemu ndogo ya poti; ikiwa ni nusu ya asilimia ya poti ya 5.5, hiyo ni 0.0275, kubwa kuliko tofauti unayoitolea jasho. Endesha hesabu ileile upya kwa mabadiliko madogo, na ile 70 inaweza kurudi 35. Kukariri 70 ni kukariri kelele. Mkono mwingine kwenye flopu hiyohiyo ukionyesha kubeti 3.10 na kucheki 3.60, huo ndio wa kuandika kwenye daftari, kwa sababu kuucheza vibaya kunakugharimu nusu blaindi kila ukija.

Kwa hiyo ongeza safu moja kwenye jedwali lako: hasara ya kitendo rahisi. Kila flopu, ukicheza kanuni rahisi badala ya mchanganyiko wa solva, unapoteza kiasi gani? Data ya jumla inapoanza kulipa ni hapa.

Namna ya kuipata: chukua kundi la flopu, tuseme zote zenye mfalme kama karata kubwa, zisizo na jozi wala aina moja. Jenga mti (ramani ya vitendo unavyoiruhusu solva) ambao batani hana hiari, anabeti theluthi kwa renji nzima. Iache solva imtafutie blaindi kubwa jibu bora dhidi ya ukaidi huo. Usimwachie majibu ya zamani, la sivyo utadhani umepata bure. Kisha linganisha thamani ya batani na ile ya mti kamili, flopu kwa flopu. Kwenye nyingi tofauti itakuwa ndogo sana. Kwenye chache, K-10-9 au K-Q-J kwa mfano, itaruka, kwa kuwa flopu zilizoshikana namna hiyo zinampa blaindi kubwa mifululizo na jozi mbili. Hizo unazitoa kwenye kundi unazipeleka kwingine. Kanuni yako sasa ina mpaka, na mpaka umetokana na gharama.

Kiasi gani cha hasara kivumiliwe? Batani kupandisha na blaindi kubwa peke yake kufuata kunakutokea mara moja au mbili katika mikono 100. Kanuni ikikugharimu 0.05 kila mara, katika mikono 100 haizidi 0.1. Makato ya meza ndogo peke yake yanakula blaindi kubwa kadhaa katika mikono hiyohiyo. Ukiwa na kanuni unayoikumbuka saa sita za usiku, na unayoijua hadi karata ya tano, utarudisha hasara hiyo haraka. Mwenye beti za ukubwa tatu kwenye flopu anapaswa kujua renji tatu zinazofuata kwenye karata ya nne. Wengi hawazijui hata mbili.

Makundi yenyewe usiyafanye mengi. Kwa hali hii ningeanza na karata kubwa ya flopu, nikafuata na kushikana kwa namba, nikamalizia na aina. Mpangilio huo si wa bahati: karata kubwa ndiyo inayosogeza mgawanyo wa renji kuliko vingine, kushikana kunahamisha kilele, na aina mbili dhidi ya aina tatu mara nyingi hubadilisha kiasi kidogo tu. Flopu zenye jozi ziweke kando tangu mwanzo, na za aina moja vilevile. Kundi likiwa na flopu zinazobeti asilimia 90 pamoja na zinazobeti 30, hilo si kundi. Wastani wake wa 60 hauielezi flopu hata moja iliyomo. Angalia mtawanyiko ndani ya kundi kabla hujauamini wastani. Lakini ukigawa kundi na pande zote mbili zikaishia kufanya kitendo kilekile, rudisha ulivyokuta.

Kuna wanaoona aibu kurahisisha hivi, kana kwamba ni uvivu. Mashine zenyewe zimepita njia hiyo. Mwaka 2015 kikundi cha Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, kilitangaza kwamba Hold'em ya watu wawili yenye beti zenye kikomo imetatuliwa kivitendo. Ulikuwa mchezo mdogo zaidi kuliko wako, na bado ulihitaji maelfu ya vichakataji vya kompyuta. Libratus ya Carnegie Mellon, iliyowashinda wachezaji wanne wa kulipwa mjini Pittsburgh Januari 2017 katika mikono 120,000 ya poka isiyo na kikomo, ilijenga mkakati wake wa msingi kwa kuunganisha hali zinazofanana katika raundi mbili za mwisho, kisha ikatatua kwa undani ilipofika mezani. Wewe huna kompyuta ya pili ya kumalizia. Na ukumbuke kufungua solva wakati mkono unaendelea ni marufuku kwenye tovuti kubwa. Akaunti hufungwa na salio hushikwa.

Ukishatulia na flopu, swali linakuwa karata ya nne, na hapa wengi huzama. Flopu 1,755 mara karata 49 zilizobaki ni mistari 85,995, na hapo bado hujaigusa karata ya tano. Usijaribu. Chukua flopu chache za mfano, moja kwa kila kundi, na kwa kila moja fungua ripoti ya karata 49. Mfano 10 ya kopa, 8 ya kopa, 5 ya shupaza. Batani alibeti, blaindi kubwa amefuata. Karata tisa ni ree, mfalme na malkia zisizo za kopa. Kwa jumla hizo ni rafiki za batani, kwa sababu yeye ndiye aliyebaki na karata kubwa nyingi, na jozi za 10 na za 8 za mwenzake zimeshuka cheo. Karata nyingine tisa ni 9, 7 na 6 zisizo za kopa: zinakamilisha au kusogeza mifululizo ya blaindi kubwa, na solva hupunguza mwendo. Kopa zimebaki 11, na zinapokuja wote wanapoa. Zilizobaki hazibadilishi mengi. Umeshapata makundi manne ya karata ya nne kutoka flopu moja, na utashangaa yanavyofanana na ya 9-7-4. Sababu ni ileile uliyoikuta kwenye flopu: karata hii imeongeza mikono ya nani?

Karata ya tano sina ripoti ya jumla ninayoiamini sana. Pale mikono inategemea karata gani hasa unazuia kwa mpinzani, na wastani unafuta kitu hichohicho unachotaka kukiona. Zisome moja moja, chache, kwa utulivu.

Kuhamisha matokeo kutoka nafasi moja hadi nyingine ni rahisi ukishika sababu. Aliyepandisha kutoka nafasi ya kwanza ana renji finyu zaidi: jozi kubwa nyingi, karata ndogo chache. Kwa hiyo kwenye flopu za ree na mfalme ana nguvu kuliko batani, na kwenye 6-5-4 jozi zake kubwa ni nyingi lakini mifululizo karibu hana. Aliyepandisha akafuatwa na mtu wa batani, naye lazima aanze kuongea, anacheki mara nyingi zaidi kuliko watu wanavyotarajia, hata kwenye flopu nzuri kwake. Wengi kwenye meza ndogo wanabeti hapo kama vile wako batani, na huo ni mmoja wa uvujaji wa bei ghali ninaouona. Poti iliyopandishwa mara mbili nayo ina hesabu yake: batani 2.5, blaindi kubwa 11, batani amefuata, poti ni 22.5 na kumebaki 89, mara nne tu ya poti badala ya karibu 18. Pesa inaingia kwa hatua chache, jozi kubwa kuliko meza inakuwa mkono wa kwenda nao mwisho. Tengeneza ripoti yake peke yake, usiazime ya poti ndogo. Mashindano yenye chipu chache na zawadi za kupanda ngazi ni mchezo mwingine kabisa. Data ya blaindi 100 usiipeleke huko.

Bado kuna mpinzani wako. Kila asilimia kwenye ripoti inadhani anayekukabili naye anacheza kama mashine. Kwenye senti 10 kwa 25 hachezi hivyo. Mara nyingi ninachokiona meza hizo ni watu kufuata kupita kiasi kwenye flopu kwa jozi yoyote, na kucheki kisha kupandisha kwa uchache mno, karibu siku zote wakiwa na mkono mkubwa. Solva katika nafasi ya blaindi kubwa inapandisha beti ndogo mara nyingi sana kuliko wao, zikiwemo blafu zisizo na sura. Ukiwa na hifadhi ya mikono uliyocheza, toa namba mbili tu: dhidi ya beti ya theluthi, watu wanakunja mara ngapi na wanapandisha mara ngapi, kundi kwa kundi. Weka pembeni ya namba za ripoti. Pengo likiwa kubwa, na mikono ikiwa mingi kiasi cha kuaminika, hapo pana faida ambayo ripoti peke yake haiwezi kukupa. Wasiopandisha wanakuruhusu kubeti mara nyingi zaidi hata kwenye flopu za katikati, na wakipandisha wanakuruhusu kukunja bila majuto. Wanaofuata sana wanakutaka uongeze ukubwa ukiwa na mkono na upunguze blafu za karata ya tano. Solva inakuwezesha kufunga tabia hiyo ya mpinzani kwenye mti na kuangalia jibu linavyosogea. Ifunge kwa kiasi, si kwa kukithirisha, kwa sababu ikishajua mpinzani hapandishi kabisa itakupa mkakati wa kichaa.

Kwa mpangilio wa kazi, baada ya batani dhidi ya blaindi kubwa ningekupeleka moja kwa moja kwenye kiti cha pili cha hali hiyohiyo. Kati ya mikono sita, mmoja uko blaindi kubwa ukijitetea, na ndicho kiti kinachopoteza pesa kuliko vyote kwa kila mtu, solva ikiwemo. Data ni ileile, umeshaipakua. Unabadilisha upande tu. Panga flopu kwa kiasi unachokunja dhidi ya theluthi, halafu kwa kiasi unachopandisha. Utaona 7-6-5 na ndugu zake ndipo unapopandisha zaidi, na kwenye K-7-2 unakunja bila haya.

Na kabla hujalipia mwezi mwingine wa ripoti zilizotengenezwa tayari, angalia zimewekewa makato gani. Nyingi zinazouzwa zimehesabiwa kwa meza kubwa, ambako nyumba inakata kidogo ukilinganisha na poti. Kwenye meza yako makato ni mazito, blaindi kubwa anapaswa kufuata kwa mikono michache zaidi kabla ya flopu, renji yake inafika flopu ikiwa imara kuliko ile ya kwenye ripoti, na batani hawezi kubeti kila kitu kwa raha ileile. Kama programu inakuruhusu kuchagua, chagua ya meza ndogo hata kama ina flopu chache. Kama haikuruhusu, tumia makundi na sababu zake, asilimia za kabla ya flopu uzitafute kwingine.